Miji ya dhahabu Australia: aliyeokota mmoja, aliyeandikwa mwingine

Mfukunyuzi

Wakuu, salaam kwenu.

Niko Australia Magharibi kikazi, na huku ukipita kwenye miji ya machimbo hukosi sanamu ya mzungu mwenye ndevu na kibao chini yake: fulani ndiye aliyegundua dhahabu hapa. Nimekuwa nikisoma habari za miji hii, na kuna jambo linajirudia mpaka linachekesha. Anayeokota ni mmoja, anayeandikwa ni mwingine, na mara nyingine pesa inakwenda kwa mtu wa tatu kabisa.

Basi nafungua uzi wa chemsha bongo. Nauliza, mnajibu, halafu narudi na maelezo. Anayechungulia Google ajue Mungu anamwona.

Swali la kwanza, la kupasha misuli: koloni la New South Wales lilimzawadia mtu mmoja pauni 10,000 kwa kugundua dhahabu mwaka 1851. Ni nani, na je, ni kweli aliigundua yeye?

Mchokonozi

Captain Cook. Nileteeni pauni zangu.

Karani Mstaafu

Kijana, Cook aliuawa Hawaii mwaka 1779, pauni hizo utampelekea kaburini. Jibu ni Edward Hargraves. Nusu ya pili ya swali namwachia mwenye uzi, maana naona ana hamu ya kuijibu mwenyewe.

Mfukunyuzi

Mzee wangu Karani, umenijua. Ni Hargraves.

Huyu bwana alikwenda California kwenye rashi ya 1849, yaani mbio za watu kukimbilia dhahabu, akarudi mikono mitupu. Alichorudi nacho ni ujuzi wa kuosha mchanga, na imani kwamba nchi ya Bathurst, huko New South Wales, inafanana na ile ya California. Februari 12, 1851 akiongozwa na kijana wa huko, John Lister, aliosha mchanga wa kijito cha Lewis Ponds akapata chembe tano. Nimesema chembe, siyo vipande. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba alimtangazia kijana papo hapo: mimi nitapewa cheo cha ubaroneti, wewe utaitwa Sir, na farasi wangu akifa atakaushwa, awekwe ndani ya kabati la kioo kwenye jumba la makumbusho Uingereza. Kwa chembe tano!

Akawafundisha Lister na ndugu wawili, William na James Tom, namna ya kutumia karai na kuunda lile sanduku la kutikisa la kuoshea mchanga, kisha akaendelea na safari zake. Mwezi Aprili wale vijana ndio waliopata wakia kama nne, dhahabu ya kueleweka. Mahali pale pakaitwa Ophir, ile Ofiri ya dhahabu ya Mfalme Suleimani. Hargraves ndiye aliyeitangaza dunia nzima. Yeye akalamba pauni 10,000 pamoja na cheo serikalini, vijana wakapewa 1,000.

Walilalamika karibu miaka arobaini. Kamati ya Bunge ilipokaa mwaka 1890 ilikubali kwamba Lister na akina Tom ndio wa kwanza kupata dhahabu yenye faida. Lister alifariki siku ileile aliyotakiwa kutoa ushahidi wake. Hargraves akafuata mwaka 1891, pesa ameshaila zamani.

Karani Mstaafu

Nyongeza kidogo. Kabla ya hao wote, Mchungaji W. B. Clarke, ambaye alikuwa pia mtaalamu wa miamba, alimwonyesha Gavana Gipps vipande vya dhahabu mwaka 1844. Kwa simulizi ya Clarke mwenyewe, gavana alimwambia aifiche, la sivyo wote watakatwa koo. Hofu hiyo ilikuwa na sababu: koloni lilikuwa limejaa wafungwa na watu waliowahi kuwa wafungwa.

Dhahabu ilipokuja kutangazwa, hesabu ikageuka. Kumsafirisha mwizi wa London bure hadi kwenye nchi ambayo watu huru wanajilipia nauli kuikimbilia, hiyo haikuwa adhabu tena. Meli ya mwisho ya wafungwa kwenda Tasmania ilifika mwaka 1853. Australia Magharibi peke yake ndiyo iliyoendelea kuwapokea, hadi 1868.

Mzawa wa Lwamgasa

Mkuu, hii mbona Geita kabisa. Anayeshuka duarani, yaani shimoni, siye mwenye leseni, na anayepigwa picha na waziri siye aliyeshuka duarani.

Ila kuna swali hulijibu. Ile nchi ilikuwa na wenyewe, weusi wa kule. Wanaokaa mahali maelfu ya miaka hawakuwahi kuona jiwe linang'aa? Vibao vyako vinasemaje juu yao?

Mfukunyuzi

Mzawa, vibao vingi vimenyamaza, lakini kumbukumbu hazikunyamaza.

Julai 1851, miezi michache tu baada ya Ophir, mchungaji wa kondoo mzawa wa nchi hiyo, ambayo ni ya watu wa Wiradjuri, aliona mwamba mweupe una njano ndani yake karibu na Louisa Creek. Akampelekea habari mwajiri wake, Dkt Kerr. Ndani ya mwamba ule mlikuwa na dhahabu ya karibu kilo 40. Kerr aliuvunjavunja ili aweze kuubeba. Katika historia unaitwa jina la Kerr hadi leo.

Wa pili ni mtoto. Desemba 1871 kaskazini mwa Queensland, wazungu watatu walikuwa wakitafuta dhahabu wakiwa na kijana mzawa, Jupiter. Radi ikawatawanya farasi wao, wakamtuma akawafuatilie. Akawapata, na njiani akaona dhahabu kwenye kijito chini ya mlima. Pale pakazaliwa Charters Towers, mji uliokuja kuwa wa pili kwa ukubwa Queensland na kuwa na soko lake la hisa, jengo ambalo bado limesimama. Kwa bahati nzuri huyu hakufutwa. Alilelewa na mmoja wa wale watatu, Hugh Mosman, akachukua na jina la ukoo wake, na akaishi hadi 1945. Jina la mji, hata hivyo, lilitokana na W. Charters, ofisa wa serikali wa machimbo.

Binti Makongoro

Na wanawake je? Au walikuwa wanapika tu?

Mfukunyuzi

Dada, umenigusa pazuri. Bendigo, mmoja wa miji mikubwa kabisa ya dhahabu katika koloni la Victoria, una hadithi hiyo. Mwishoni mwa 1851 Margaret Kennedy na Julia Farrell, wake za wafanyakazi wa shamba la kondoo, walionekana kijitoni wakiosha mchanga wakapata dhahabu. Mwandishi wa habari, Henry Frencham, aliyefika akawakuta hapo, ndiye aliyekuja kudai kwa miaka mingi kwamba ugunduzi ni wake. Nalo likafika hadi kamati ya Bunge. Leo wanawake hawa wanatajwa wazi katika historia ya mji.

Haya, swali la pili. Desemba 1854 wachimbaji wa Ballarat, hukohuko Victoria, walipigana na askari wa serikali, wanaita vita ya Eureka Stockade. Watu 13 wakashtakiwa kwa uhaini. Wangapi walipatikana na hatia? Na ni nani mmoja aliyekwenda jela kwa sababu ya Eureka bila hata kushika bunduki?

Mchokonozi

13 wote. Mkoloni haachi mtu.

Mla Mbaazi

Mimi nasema mwenye kuuza pombe. Vita yoyote ya wachimba migodi, muuza pombe hakosi.

Mfukunyuzi

Mla Mbaazi umekaribia mlango wa jirani. Muuza pombe yumo, ila yeye alifungwa kwa kesi nyingine.

Ilikuwa hivi. Leseni ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi, upate dhahabu usipate, na askari walikuwa wakipita mashimoni kumsaka asiye nayo mfukoni, ukiwa umelowa tope shimoni unatolewa nje uonyeshe karatasi. Kura hawana, ardhi hawana. Oktoba 1854 mchimbaji mmoja, James Scobie, akauawa karibu na hoteli ya Eureka. Mwenye hoteli, Bentley, akaachiwa na hakimu ambaye mji mzima ulimjua kuwa ni mtu wake. Umati ukaichoma hoteli. Bentley alikuja kushtakiwa upya na kufungwa, lakini moto ulikuwa umeshawaka.

Mwisho wa Novemba wakachoma leseni zao hadharani, wakapandisha bendera ya buluu yenye msalaba mweupe na nyota tano, wakala kiapo chini yake. Kiongozi wao alikuwa Peter Lalor, Mwairishi. Wakajenga boma la magogo. Jumapili Desemba 3 alfajiri, wakati wengi wao wamekwenda kulala kwenye mahema yao, askari wakavamia. Haikufika nusu saa. Wachimbaji zaidi ya 20 walikufa, na askari kadhaa.

Waliotiwa hatiani kwa uhaini: sifuri. Wote 13 waliachiwa, maana jopo la raia pale Melbourne lilikataa kabisa kuwatia hatiani. Na sikilizeni hili, maana halisemwi sana: wa kwanza kupandishwa kizimbani alikuwa John Joseph, mtu mweusi kutoka Marekani. Serikali nadhani iliona jopo la wazungu halitamwonea huruma. Alipoachiwa, umati ulimkalisha kwenye kiti ukambeba juujuu kuzunguka mitaa ya Melbourne. Katika wale 13 kulikuwa na mweusi mwingine, James Campbell wa Jamaika.

Aliyekwenda jela ni mhariri wa gazeti la Ballarat Times, Henry Seekamp, kwa kosa la uchochezi. Kalamu tu. Alipokuwa ndani, mkewe Clara akashika uhariri, na ndiye anayehesabiwa mwanamke wa kwanza kuhariri gazeti Australia. Binti Makongoro, huyo ni wa kwako.

Binti Makongoro

Nimempokea kwa mikono miwili.

Karani Mstaafu

Usimsahau Seekamp baada ya jela. Mwaka 1856 mcheza dansi maarufu, Lola Montez, yule aliyewahi kuwa kipenzi cha mfalme wa Bavaria, alifika Ballarat. Wachimbaji walimpenda sana. Seekamp akaandika vibaya juu ya maadili yake. Bibi akamvizia hotelini na mjeledi! Seekamp naye alikuwa na wake, wakachapana mbele za watu. Mtu ametoka gereza la Malkia salama, anakuja kuchapwa na mcheza dansi.

Mchokonozi

Mzee Karani leo umenivunja mbavu. Na Lalor waliishia wapi naye? Walimnyonga?

Mfukunyuzi

Lalor alipigwa risasi mkono wa kushoto, wenzake wakamficha, ukakatwa. Serikali ilitangaza zawadi ya pauni 200 kwa atakayempata. Mwaka 1855 leseni ya kila mwezi ikafutwa, ikaja hati ya pauni moja kwa mwaka iliyokuja pamoja na haki ya kupiga kura, na mwaka huohuo Lalor akaingia kwenye baraza la kutunga sheria bila kupingwa. Baadaye akawa Spika wa Bunge la Victoria kuanzia 1880 hadi 1887. Kutoka kutafutwa hadi kuvaa joho la Spika.

Lakini kuna sehemu ambayo wanaompenda huwa wanairuka. Mwaka 1873 wachimbaji wa Clunes, si mbali na Ballarat, waligoma. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Lothair. Kampuni ikaamua kuleta Wachina wafanye kazi kwa ujira mdogo ili kuuvunja mgomo, wakasindikizwa na polisi. Mmoja wa wakurugenzi wa Lothair alikuwa Peter Lalor. Wananchi wa Clunes wakajenga kizuizi barabarani, wanaume kwa wanawake, wakarusha mawe hadi magari yakarudi.

Mzawa wa Lwamgasa

Hapo sasa. Akishapata hisa, kiapo cha chini ya bendera anakiona karatasi.

Bendera yenyewe ipo?

Mfukunyuzi

Ipo Ballarat, kwenye jumba la kumbukumbu ya Eureka. Askari aliyeing'oa siku ile aliitwa John King. Familia yake ilikaa nayo miaka arobaini, ikaifikisha kwenye jumba la sanaa la mji mwaka 1895. Kwa miaka mingi haikuthaminiwa, watu wakawa wanakatiwa vipande kama zawadi. Ndiyo maana ukiiona ina sehemu kubwa iliyopotea.

Mla Mbaazi

Umetaja Wachina ukapita mbio. Hao si ndio waliokuwa wengi machimboni? Tupe habari zao, mwenzetu.

Mfukunyuzi

Haki yako. Mwaka 1855 Victoria iliweka kodi ya pauni 10 kwa kila Mchina anayeshuka bandarini kwake, na kuzibana meli kwa idadi ya Wachina zinaowabeba. Manahodha wakatafuta pengine. Wakawa wanawashusha Robe, kibandari kidogo cha Australia Kusini, ng'ambo ya mpaka. Katika miaka michache walishuka zaidi ya 16,000 kwenye kijiji cha watu mia chache, halafu wakatembea. Kilomita mia nne na zaidi hadi machimboni, kwa mistari mirefu, mizigo imening'inia kwenye mti begani.

Mwaka 1857 kundi moja la hao watembea kwa miguu lilisimama penye chemchemi kupata maji, wakaona dhahabu. Pale pakawa machimbo ya Canton Lead, na ndipo ulipokua mji wa Ararat. Mji wa Australia ulioanzishwa na Wachina waliokuwa wakikwepa kodi! Siku hizi pana jumba la makumbusho la kuwaenzi.

Bendigo nako walibaki. Tamasha la Pasaka la mji huo lilianza mwaka 1871 kuchangia hospitali, na Wachina wakaingia na maandamano yao ya dragoni, hadi leo dragoni ndiye anayewavuta watu.

Lakini nisiwapambie. Mwaka 1857 pale Buckland walifukuzwa machimboni na mali zao kuchomwa. Juni 30, 1861 pale Lambing Flat, mji ambao leo unaitwa Young, maelfu ya wazungu waliandamana na bendi ya muziki mbele, wakawavamia, wakawapiga, wakawakata nywele zao za kusuka hadi na ngozi, wakachoma mahema. Bango walilobeba siku hiyo limehifadhiwa Young, limepambwa kwa rangi nzuri kabisa, utadhani ni la harusi. Baada ya hapo New South Wales ikapitisha sheria. Dhidi ya waliopiga? Hapana, ya kuwazuia Wachina kuingia.

Mwana wa Isukha

Nimesoma kimya toka juu. Sisi huku Kakamega tulikuwa na yetu, 1931 kwenda mbele, wazungu wa mashamba waliobanwa na nzige na bei mbovu wakamiminika kutafuta dhahabu kwa shamba za watu. Mgodi wa Rosterman bado watu wanafukua pembeni. Lakini sijasikia tukiwa na jiwe kubwa. Hebu tuambie, jiwe kubwa kabisa kuwahi kuokotwa Australia lilikuwa la kilo ngapi?

Mchokonozi

Kilo 10.

Mzawa wa Lwamgasa

Nakwenda 30. Zaidi ya hapo ni hadithi za baa.

Mfukunyuzi

Kilo 109 kabla ya kusafishwa, na dhahabu safi iliyotoka ni zaidi ya kilo 70. Linaitwa Welcome Stranger. Februari 5, 1869, kijiji cha Moliagul, Victoria, John Deason na Richard Oates, wote watu wa Cornwall. Deason alikuwa akichimbua karibu na mizizi ya mti, sululu ikagonga kitu. Kina chake: sentimita tatu tu chini ya udongo. Watu walikuwa wamepita juu yake miaka na miaka.

Wakalipeleka Dunolly kwenye benki, mizani ikalishindwa. Ikabidi mhunzi alivunje kwenye fuawe kabla ya kupimwa. Wakalipwa zaidi ya pauni 9,300. Fuawe ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya Dunolly. Jiwe lenyewe halipo, liliyeyushwa, na hakuna picha hata moja iliyopigwa likiwa zima. Mnazoziona mtandaoni ni michoro na mifano iliyotengenezwa.

Deason hakuishi kitajiri, mkitaka kujua. Aliwekeza kwenye migodi mingine, pesa ikaliwa, akamalizia maisha kwenye shamba dogo hapohapo Moliagul.

Mzawa, kuna kubwa kuliko hilo, ila si dhahabu tupu. Oktoba 1872 usiku, mgodi wa Star of Hope pale Hill End, baruti ilifungua ukuta wa dhahabu iliyochanganyika na mwamba. Kilo 286, urefu wa mtu wa wastani kasoro kidogo. Linaitwa kwa jina la Bernhardt Holtermann, Mjerumani, mmoja wa wenye mgodi.

Mwana wa Isukha

Hilo nimeliona picha! Jamaa ana ndevu, amesimama ameliegemea kwa mkono.

Mfukunyuzi

Picha ya kuunganisha hiyo, bwana. Holtermann alipigwa studio mkono ukiwa hewani, jiwe likapigwa kwingine, vikabandikwa pamoja. Miaka ya 1870, kabla ya hizi programu zenu za simu.

Lakini huyu Mjerumani namheshimu kuliko wote kwenye uzi huu. Pesa yake aliitumia kuwalipa wapiga picha, Beaufoy Merlin na kijana wake Charles Bayliss, wapige kila kitu: maduka ya Hill End na Gulgong, wenye maduka wamesimama mlangoni, watoto, mbwa, vibanda vya magome ya miti. Baada ya kifo chake vioo vya picha (enzi hizo picha ilinaswa kwenye kioo) vikasahauliwa. Mwaka 1951 vikakutwa ndani ya banda la bustani Chatswood, Sydney, picha kama 3,500, zimepangwa kwenye masanduku, salama. Sasa ziko kwenye maktaba ya jimbo, na zimeingizwa kwenye orodha ya Australia ya mpango wa UNESCO wa kumbukumbu za dunia. Ukizikuza unasoma hadi bei zilizoandikwa madirishani. Gulgong ya kwenye picha hizo ndiyo iliyowekwa kwenye noti ya kwanza ya dola kumi.

Karani Mstaafu

Umezunguka mashariki tu na uko magharibi. Kalgoorlie inakusubiri.

Mfukunyuzi

Nilikuwa naihifadhi, mzee. Swali la mwisho basi: mji gani ulichimba barabara zake wenyewe?

Mzawa wa Lwamgasa

Kalgoorlie, kwa kuwa mzee ameshaitaja. Kwa nini sasa?

Mfukunyuzi

Juni 1893 Waairishi watatu, Paddy Hannan, Tom Flanagan na Dan Shea, waliona dhahabu hapo. Hannan ndiye aliyepanda farasi kwenda mji jirani wa Coolgardie kusajili, kwa hiyo barabara kuu ni ya Hannan, sanamu ni ya Hannan, na Flanagan na Shea wamebaki kwenye maandishi madogo. Mnaona mambo yale yale.

Sasa, machimbo ya pale yalitoa jiwe moja la kung'aa ambalo wachimbaji walilidharau wakidhani ni yale madini yanayodanganya macho. Wakalitumia kujazia mashimo barabarani na kujengea. Mwaka 1896 ikagundulika ni dhahabu iliyoungana na madini ya teluri, na imejaa dhahabu kweli. Basi ikawa rashi ya pili, safari hii ya kufukua barabara.

Shida kubwa ilikuwa maji. Watu walichemsha maji ya maziwa ya chumvi wakakusanya mvuke, kuni zikaisha maili na maili kuzunguka mji, na homa ya matumbo ikaua wengi, makaburi ya Coolgardie yanaonyesha umri wao. Mizigo ililetwa na ngamia wa watu waliojulikana kwa jumla kama Waafghani. Barabara za Coolgardie ni pana mno ili msafara wa ngamia uweze kugeuka.

Mchokonozi

Hapo nina moja ya kweli. Injinia alijenga bomba kutoka Perth, siku ya kufungua bomba wakafungulia maji hayakutoka, akajiua kwa aibu. Baada ya siku kadhaa maji yakafika.

Mfukunyuzi

Hiyo inasimuliwa hadi na watu wa hapa, lakini tarehe zinaikataa. C. Y. O'Connor alijitoa uhai Machi 10, 1902, ufukweni kusini mwa Fremantle. Bomba lilifunguliwa rasmi Januari 24, 1903. Hakukuwa na siku ya maji kugoma. Alichokuwa nacho ni magazeti na wanasiasa waliomwandama kwa tuhuma za ufisadi na uzembe, na uchunguzi baadaye haukumkuta na wizi wowote. Bomba ni zaidi ya kilomita 500, kutoka bwawa la Mundaring, vituo vinane vya pampu za mvuke vikiyapandisha maji mlima hadi jangwani. Linafanya kazi hadi leo. Maji ya Kalgoorlie yanapita humo.

Mzawa wa Lwamgasa

Hilo bomba tu linanitosha. Kwetu tunaangalia ziwa kwa macho.

Na Waaustralia hao tunawajua, mgodi wa Golden Pride pale Nzega ulikuwa wa kampuni ya Perth, Resolute. Ule wa Kalgoorlie, shimo kubwa, bado unatoa?

Mfukunyuzi

Bado. Super Pit ina urefu wa kilomita tatu na nusu, upana kilomita moja na nusu, kina zaidi ya mita 600, na iko pembeni kabisa mwa mji. Lilitokana na kuunganisha vimigodi vingi vya zamani, ndiyo maana wakichimba huwa wanakutana na mashimo na magogo ya babu zao. Sasa ni la kampuni ya Northern Star.

Jirani yake kuna mahame ya Kanowna, mji uliokuwa na maelfu ya watu, mahoteli na treni. Agosti 1898 palienea uvumi wa bonge takatifu la dhahabu, na aliyejua mahali lilipotoka ni Padri Long tu. Umati ukambana hadi akasimama kwenye baraza ya hoteli akataja mahali. Maelfu wakatimua mbio kwa farasi, baiskeli na miguu. Hawakukuta kitu.

Mla Mbaazi

Padri naye! Alidanganya au alidanganywa?

Mfukunyuzi

Wengi wanaona alidanganywa. Alifariki mwaka uliofuata, kijana bado. Kanowna leo kuna makaburi na jukwaa la stesheni. Kituo cha posta unakisoma kwenye kibao.

Mchokonozi

Mkuu, pointi zangu ngapi?

Karani Mstaafu

Unadaiwa mbili.